Kiyoyozi cha spliti kwenye nyumba ya mteremkoni: kusoma dalili hadi kwenye chanzo

Gesi ya kiyoyozi cha spliti, kile chenye yuniti moja ndani na nyingine nje, haiishi kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Inazunguka humo humo mwaka hadi mwaka, mara maji, mara mvuke, na ikipungua ujue pana tundu. Naanza na hili kwa sababu mafundi wengi wakiitwa kwenye nyumba iliyojengwa mteremkoni na kuambiwa "haipozi", cha kwanza kutoka kwenye begi ni geji ya kupima mgandamizo na mtungi wa gesi. Wanajaza, chumba kinapoa wiki mbili, kisha simu inapigwa tena.

Kwenye nyumba ya tambarare, yuniti ya nje mara nyingi iko upande wa pili wa ukuta ule ule iliotundikwa yuniti ya ndani, na bomba halizidi mita nne. Mteremkoni mambo ni mengine. Nafasi ya yuniti ya nje hupatikana chini kwenye nguzo, au juu kwenye paa la zege, au nyuma kwenye kijia chembamba kati ya nyumba na ukuta wa kuzuia udongo. Bomba linapanda, linashuka, linakata kona, linazama ardhini, linaibuka. Matatizo mengi ninayokutana nayo kwenye nyumba hizi hayamo ndani ya mashine yoyote kati ya hizo mbili. Yamo katikati yake: kwenye shaba, kwenye bomba la maji, kwenye waya. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu geji wala spana. Tembea na bomba, kutoka ukutani kwenye yuniti ya ndani mpaka kwenye vali za yuniti ya nje, ukiwa na futi ya kupimia na pimamaji.

Kabla ya hapo, usalama. Zima kwenye breka, si kwenye rimoti. Mashine za inveta, zile zinazobadilisha mwendo wa kompresa (pampu inayogandamiza gesi) kadiri ya mahitaji, zina kapasita kubwa (vihifadhi umeme) kwenye bodi ya nje zinazobaki na volti zaidi ya 300 za mkondo wa moja kwa moja hata baada ya umeme kukatwa. Subiri dakika 10 au zaidi, kisha pima kwa multimita kabla ya kidole kugusa kitu. Ngazi ya kawaida haisimami sawasawa kwenye mteremko, na jiwe ulilochomeka chini ya mguu mmoja si dawa. Funga ngazi na wewe mwenyewe kwenye kitu kisichong'oka. Kama kibao cha yuniti kinasema R32, kumbuka gesi hiyo inaweza kushika moto: usiwashe tochi ya kuchomea kwenye bomba ambalo halijatolewa gesi yote na kusafishwa kwa naitrojeni.

Vipimo viwili unavyovihitaji kabla ya kutoa hukumu

Pima urefu wa bomba lote, kona zikiwemo, na pima tofauti ya kimo kati ya yuniti ya ndani na ya nje. Kila mtengenezaji ameandika kikomo cha vyote viwili kwenye kitabu cha ufungaji. Kwa mashine ndogo za BTU 9,000 na 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), kikomo cha urefu mara nyingi ni mita 15 hadi 20 na cha kimo ni mita 8 hadi 15, lakini usikisie. Tafuta kitabu cha modeli hiyo hiyo.

Kisha fanya hesabu ya gesi. Yuniti ya nje inatoka kiwandani ikiwa na gesi ya kutosha bomba la urefu fulani tu, aghalabu mita 5 au 7.5. Kila mita inayozidi hapo inadai gesi ya ziada, kwa mashine ndogo kiasi cha gramu 15 hadi 20. Chukua mfano wa bomba la mita 14 kwenye mashine iliyojazwa kwa mita 5, inayodai gramu 20 kwa mita: zilipaswa kuongezwa gramu 180. Kama gesi ya kiwandani ilikuwa gramu 700 na aliyefunga hakuongeza kitu, mashine hiyo imezaliwa na njaa. Haina tundu, haijawahi kuvuja, na haijawahi kupoza vizuri hata siku moja. Mwenye nyumba atakwambia, "Tangu tuinunue iko hivi." Sentensi hiyo ni dalili kamili, iandike.

Maji yanadondoka ndani

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi. Uliza swali moja kabla ya kupanda ngazi: yanadondoka saa ngapi?

Kama yanadondoka mvua ikinyesha, hata kiyoyozi kikiwa kimezimwa, basi si maji ya kiyoyozi. Ni mvua inayotambaa juu ya bomba. Yuniti ya nje ikiwa juu ya mlima kuliko ya ndani, bomba linakuwa mfereji unaoleta maji moja kwa moja hadi kwenye tundu la ukuta. Dawa ni kulishusha bomba chini ya tundu kabla halijaingia, lipige tumbo ili maji yadondokee nje, kisha ziba tundu kwa lakiri laini pande zote mbili. Tundu lenyewe liwe limeinamia nje kidogo. Nimeona watu wakibadilisha trei ya maji mara mbili kwa tatizo hili, na trei haikuwa na kosa lolote.

Kama yanadondoka muda mfupi baada ya kuzima, mengi kwa mpigo, hiyo ni barafu inayoyeyuka kwenye koili, yaani mabomba ya kupozea hewa ndani ya yuniti. Ruka uende kwenye sehemu ya barafu.

Kama yanadondoka kiyoyozi kikifanya kazi, nusu saa au saa moja baada ya kuwashwa, njia ya maji imeziba au imekaa vibaya. Hapa ndipo mteremko unapowachezea watu shere. Ungetarajia nyumba ya mlimani iwe rahisi zaidi kutoa maji, kwa kuwa kila kitu kinashuka. Lakini chumba cha nyuma mara nyingi kimechimbwa ndani ya mlima. Nje ya ukuta wake hakuna hewa, kuna udongo. Aliyefunga analazimika kuvuta bomba la maji ukutani kwa ndani, kupita chumba kizima, hadi upande wa mbele. Mita saba au nane za mpira wenye mikunjo, unaoning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Kila palipobonyea panatega maji, na hewa iliyobanwa kati ya mabonde mawili inazuia maji kabisa ingawa hakuna uchafu hata kidogo.

Jaribio ni la dakika tano. Fungua kifuniko cha yuniti ya ndani, mimina lita moja ya maji taratibu kwenye trei, na mwenzako asimame mwisho wa bomba. Maji yakitoka mfululizo na kwisha, njia ni nzima. Yakitoka kwa kukohoa kohoa, una hewa iliyotegwa. Yasipotoka kabisa, mpira umeziba. Kwa hewa iliyotegwa, kuzibua hakusaidii; badilisha mpira kwa bomba gumu la plastiki, lipe mwinamo wa walau sentimita 1 kwa kila mita bila bonde hata moja, na lishikwe ukutani kila mita moja.

Kwa kuziba kwa kweli, anza mwisho, si mwanzo. Mwisho wa bomba la mteremkoni hufukiwa na udongo uliosombwa na mvua, huingiwa na mizizi, na nyigu wa udongo hulipenda kuliko nyumba yoyote waliyojengewa. Bomba liishie sentimita 5 hadi 10 juu ya ardhi, liwe na wavu wa matundu makubwa mdomoni. Ule utando wa kunata unaoota kwenye trei unavutwa kwa mashine ya kufyonza maji kutokea nje. Usipulize hewa kwa nguvu kuelekea ndani, utapeleka uchafu kwenye trei na huenda ukachomoa kiungo kilichofichwa ukutani.

Hapa nitatoka kidogo njiani. Hakikisha umeona maji yanamwagikia wapi. Kwenye unyevu mwingi mashine ya BTU 12,000 inaweza kutoa lita moja hadi mbili kwa saa. Yakimwagika mahali pamoja kila siku, chini ya zege lililobeba yuniti ya nje au kwenye mguu wa ukuta wa kuzuia udongo, udongo unalainika na kuondoka kidogo kidogo. Baada ya misimu miwili yuniti imeinama, bomba limevutwa, nati imeachia, gesi imetoka. Atakayekuja kutafuta uvujaji huo hatajua kwamba chanzo chake ni bomba la maji.

Palipokosekana mwinamo kabisa hufungwa pampu ndogo ya maji. Ikinguruma bila kusukuma, safisha boya lake na chujio. Utando uleule unaoziba trei ndio unaokwamisha boya. Ikiwaka na kuzima kila baada ya dakika moja, vali ya kuzuia maji kurudi imekufa na maji yaliyopanda yanarudi. Na kama pampu ina nyaya za tahadhari, ziunganishwe ili kompresa isimame pampu ikishindwa. Mara nyingi huzikuta zimekunjwa na kufungwa kwa gundi, hazijaunganishwa popote.

Sauti ya maji yanayochemka ndani ya yuniti

Glogloglo, kama chupa inayojazwa kisimani. Watu hudhani ni gesi. Ni hewa inayoingia kupitia bomba la maji na kutoa mapovu kwenye trei. Hutokea kwenye nyumba iliyofungwa vizuri feni ya jikoni ya kutoa moshi ikiwashwa: nyumba inatafuta hewa mahali pengine na kuipata kwenye bomba hilo. Mteremkoni kuna mshirika wa pili, upepo unaopanda mlima na kupuliza moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba. Fungua dirisha kidogo. Sauti ikikoma umeshapata jibu. Vali ndogo ya njia moja kwenye bomba la maji inamaliza kazi, ilimradi isafishwe kila msimu.

Hewa inatoka lakini haipozi

Weka nyuzi za chini kabisa, feni kasi ya juu, subiri dakika 15. Pima hewa inayoingia juu ya yuniti na inayotoka chini. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 za selsiasi ni ya afya. Pakiwa na unyevu mwingi inaweza kuwa ndogo kidogo. Ikiwa tofauti ipo na chumba bado ni cha moto, mashine haina kosa. Angalia vioo vikubwa vinavyotazama jua la alasiri, au mlango unaofunguka kwenye ngazi ambako hewa baridi inamwagika kwenda ghorofa ya chini kama maji.

Ikiwa tofauti haipo, osha chujio na uchunguze koili kwanza. Sitarefusha hapo.

Kisha nenda nje uguse mabomba. Spliti ndogo ina jambo ambalo hata mafundi wa friji hulisahau: kifaa cha kushusha mgandamizo kiko kwenye yuniti ya nje, si ya ndani. Kwa hiyo wakati wa kupoza, mabomba yote mawili, jembamba na nene, yanatakiwa kuwa ya baridi. Kila moja linataka sponji yake. Ukikuta yamefungwa pamoja ndani ya sponji moja, au bomba jembamba liko uchi, umepata sehemu ya ubaridi wako ulipopotelea. Na kwenye bomba la mita 14 linalopigwa na jua sehemu hiyo si ndogo.

Bomba jembamba likiwa na barafu kwenye vali huku nene likiwa kavu na vuguvugu, gesi ni pungufu. Yote mawili yakiwa na joto la mazingira na kompresa inanguruma, aidha gesi imekwisha kabisa au kompresa haigandamizi. Bomba nene likiwa na jasho hadi kwenye vali na bado ndani hapapoi, tazama upande wa hewa: feni ya ndani iliyojaa vumbi kwenye mapezi yake hupunguza hewa kwa kiasi ambacho macho hayakioni.

Ukishajua gesi ni pungufu, tafuta tundu kabla ya kujaza. Nati nne za flea (mdomo wa bomba uliopanuliwa ili nati iubane) ndizo za kwanza kushukiwa: mbili nyuma ya yuniti ya ndani, mbili kwenye vali za nje. Doa la mafuta lililoshika vumbi ni saini ya uvujaji. Povu la sabuni linathibitisha. Mteremkoni ongeza sehemu tatu kwenye orodha yako. Moja, viungo vya katikati: roli la bomba lilikwisha, aliyefunga akaunga, akafukia. Mbili, bomba linaloning'inia wima mita kadhaa bila vishikizo; uzito wote umeegemea nati ya juu, na mtetemo wa kompresa unaikata shingo ya flea polepole. Tatu, yuniti iliyoinama kwa sababu zege limekaa. Weka pimamaji juu yake. Kukaza nati kwenye yuniti iliyoinama ni kujipa kazi ya mwezi ujao.

Usipoona kitu kwa sabuni, hamishia gesi kwenye chombo chake, jaza bomba naitrojeni kavu kwa mgandamizo ulioandikwa kwenye kitabu, na uache usiku kucha huku ukiandika joto la hewa mwanzo na mwisho, maana baridi ya alfajiri pekee inashusha mshale. Kamwe usitumie oksijeni. Oksijeni na mafuta ya kompresa vikikutana chini ya mgandamizo vinalipuka.

Ukirudisha flea, kata upya, paka tone la mafuta ya kompresa, na tumia spana ya kupima nguvu. Bomba la robo inchi linataka takriban nyutoni mita 14 hadi 18, la tatu kwa nane 33 hadi 42, la nusu inchi 50 hadi 62. "Nimekaza kabisa" si kipimo, na flea iliyokazwa kupita kiasi hupasuka.

Neno moja kuhusu geji. Mashine ikiwa imezimwa na hewa ikiwa nyuzi 30, gesi za R410A na R32 zote huonyesha karibu psi 260 (psi ni kipimo cha mgandamizo), na R22 karibu psi 158. Namba hizo zitabaki vilevile yakiwemo gramu 300 au 800, ilimradi bado kuna gesi ya maji, yaani iliyo katika hali ya kimiminika, ndani. Mashine ya inveta ikifanya kazi nayo inabadilisha mwendo kila mara na mshale unacheza. Kinachosema kweli ni mizani: toa yote, pima uzito, rudisha gramu za kibao pamoja na za mita za ziada. R410A ni mchanganyiko, hivyo ijazwe ikitoka mtungini kama maji, si kama mvuke.

Na kama nyumba inatumia mashine hiyo pia kuleta joto, malalamiko ya "inapoza vizuri, haipashi" yanaweza kuwa ya kimo. Wakati wa kupasha, bomba jembamba hubeba gesi ya maji kutoka ndani kwenda nje. Yuniti ya nje ikiwa mita 10 juu, maji hayo yanapoteza takriban psi 14 kwa kupanda tu, na yanaweza kuanza kuchemka kabla ya kufika kwenye vali. Kujaza gesi kupita kiasi ili kufunika tatizo hilo kutaua kompresa wakati wa kupoza.

Barafu kwenye koili ya ndani

Acha feni peke yake iyeyushe. Usichokoe kwa bisibisi. Kisha kumbuka barafu ilikuwa wapi. Imeanzia kona moja, pale bomba jembamba linapoingilia, na sehemu nyingine kavu: gesi pungufu. Imefunika koili nzima sawasawa hadi bomba nene: hewa haipiti, yaani chujio, mapezi ya feni au mota ya feni. Ikitokea usiku tu wakati hewa ya mlimani imepoa sana na mtu ameacha nyuzi 16, mashine inafanyishwa kazi nje ya hali iliyotengenezewa. Pandisha nyuzi.

Inapoza asubuhi, mchana inakata

Hapa mtuhumiwa wangu wa kwanza ni kile kijia kati ya nyumba na ukuta wa kuzuia udongo. Yuniti ya nje inapuliza hewa ya moto ukutani, ukuta unairudisha, mashine inameza pumzi yake yenyewe. Mgandamizo unapanda, ulinzi unakata, baada ya muda inawaka tena. Jaribio: pima joto la hewa inayoingia nyuma ya yuniti, kisha pima hewa ya kivulini mita kadhaa kutoka hapo. Zikipishana kwa zaidi ya nyuzi 5, usiguse gesi. Geuza yuniti ipulize kwa urefu wa kijia, iinue juu ya ukingo wa ukuta, au weka kifaa cha kuelekeza hewa juu.

Upepo wa mlima nao hufanya hivyo hivyo ukipuliza uso kwa uso na feni. Utaiona feni ikizunguka kinyume mashine ikiwa imezimwa, na baadhi ya bodi hukataa kuiwasha na kutoa msimbo wa kosa la mota ya feni ingawa mota ni nzima. Mota mpya haitabadilisha kitu. Igeuze yuniti ubavu kwa upepo au ikinge kwa ukuta mwepesi ulio mbali vya kutosha.

Kompresa inagonga, inapata moto, au imebadilishwa zaidi ya mara moja

Kompresa ya pili kufa kwenye mashine ileile mara chache huwa bahati mbaya. Tazama kimo.

Mafuta ya kompresa husafiri na gesi na yanatakiwa yarudi. Yuniti ya nje ikiwa juu, mafuta yanapaswa kupanda bomba nene yakisukumwa na kasi ya mvuke peke yake. Bomba likiwa pana kuliko lililoelekezwa, kasi inapungua na mafuta yanabaki ukutani mwa bomba. Baadhi ya watengenezaji wanataka mtego wa mafuta, kona ya U, chini ya mpando na mwingine kila baada ya mita kadhaa. Wengine wanasema inveta yao inajisafisha yenyewe kwa kupandisha mwendo mara kwa mara na hawataki mtego. Fuata kitabu cha mashine iliyo mbele yako.

Yuniti ya nje ikiwa chini, tatizo linageuka. Mashine ikizimwa, gesi ya maji na mafuta vinateremka usiku kucha hadi kwenye kompresa. Asubuhi ikiwashwa inagonga kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia, kwa kuwa kompresa imeundwa kugandamiza mvuke, si maji. Ukisikia kugonga huko, angalia kama bomba nene linapanda hadi kimo cha koili ya ndani kabla ya kushuka, na kama breka huzimwa kila usiku. Mashine nyingi hupasha kompresa kidogo zikiwa zimesimama, na breka ikizimwa joto hilo linakosekana.

Inanguruma haiwaki, taa za nyumba zinafifia

Pima volti kwenye vibanio vya yuniti ya nje wakati kompresa inajaribu kuwaka, si kabla. Nyumba ya mwisho wa laini ndefu inayopanda mlima inaweza kuonyesha 225 ikiwa imetulia na kushuka hadi 185 kwenye mzigo. Kapasita mpya haitaleta volti hizo. Tenganisha: volti zikishuka hivyo hivyo kwenye mita ya umeme, tatizo ni la laini, zikibaki nzuri kwenye mita na kushuka kwenye mashine, waya wako ni mwembamba kwa urefu wake au kuna kiungo kinachoungua. Volti zikiwa sawa muda wote, hapo ndipo upime kapasita. Ikiwa chini ya kiwango kilichoandikwa kwa zaidi ya asilimia 6 hivi, ibadilishe.

Taa zinapepesa, msimbo wa mawasiliano

Kwenye Daikin utaona U4, kwenye LG CH05: yuniti mbili hazisikilizani. Kabla ya kulaumu bodi, fuata waya. Kiungo kilichozungushwa gundi na kulala kwenye udongo wenye maji kinatosha kuvuruga mawasiliano, hata kama umeme wa kuwasha unapita. Panya huguguna, na mijusi na sisimizi hujipenyeza kwenye bodi ya nje kutafuta joto na kuacha alama nyeusi kwenye njia za shaba za bodi hiyo. Jaribu kwa waya wa muda, mzima usio na kiungo, uliopitishwa juu ya ardhi. Msimbo ukitoweka, umeokoa bei ya bodi. Ukibaki, na jana yake palipiga radi, bodi imekufa kweli. Nyumba za miinukoni hupata hilo mara nyingi zaidi, na bodi mpya ifungwe pamoja na kifaa cha kuikinga umeme ukipanda ghafla.

Ukishamaliza kurekebisha, na nyumba iko juu sana

Kwenye kimo cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14. Feni inasukuma uzito mdogo wa hewa, na mashine haiwezi kufikia BTU zote za kwenye kibao. Usiifukuzie tofauti hiyo kwa gesi.

Geji ya mshale nayo itakudanganya wakati wa kuvuta vakyumu, yaani kutoa hewa yote kwenye bomba. Usawa wa bahari vakyumu kamili ni karibu inchi 30 za zebaki. Kwenye mita 1,500 mshale utagota karibu 25, kwenye mita 2,000 karibu 23 na nusu, kwa kuwa hewa ya nje yenyewe ni pungufu. Pampu haijafa. Tumia mita ya maikroni, inayopima vakyumu yenyewe, vuta hadi chini ya maikroni 500, funga vali, subiri dakika 15. Ikipanda kidogo na kusimama, bado kuna unyevu, endelea kuvuta. Ikipanda bila kusimama, tundu bado lipo, na unarudi kutembea na bomba.

Ikishikilia, fungua gesi, ongeza gramu za mita za ziada kwa mizani, kisha chukua kalamu isiyofutika. Ndani ya kifuniko cha yuniti ya nje andika tarehe, urefu wa bomba, tofauti ya kimo, gramu ulizoweka, na mahali kiungo chochote kilichofukiwa kilipo.